Mgongo wa Meru: kwenda gizani, kurudi na mawingu

Nimepita kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ya Mlima Meru mara nne, na katika mara hizo nne nimefika kileleni mara tatu. Mara ile moja niligeuka nikiwa Cobra Point, mita 4,350 juu ya usawa wa bahari, nikiwa na nguvu za kutosha kupanda lakini bila uhakika wa nguvu za kurudi, na hadi leo hiyo ndiyo safari ninayoona niliiendesha vizuri kuliko zote, ingawa kila ninapoisimulia wasikilizaji hupoteza hamu mara tu wanapobaini kwamba sikufika. Safari ya nne, ambayo ndiyo ninayotaka kuiandika hapa, niliifanya Septemba iliyopita pamoja na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 24 anayecheza mpira kila jioni, ambaye hakuona mlima wa mita 4,566 una jambo gani la kumtisha mtu anayeishi katika nchi yenye Kilimanjaro ya mita 5,895.

Nilimjibu kwamba urefu si kipimo pekee. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mwili unateswa na hewa nyepesi na baridi, lakini miguu iko salama kwa muda mwingi, kwa kuwa mlima wenyewe ni mpana na mtu akijikwaa anaangukia njiani. Meru ni mlima uliobomoka upande mmoja. Takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga mawe na tope katika tambarare iliyo kati yake na Kilimanjaro, na mabonde yaliyobaki katika kifusi hicho ndiyo leo yamejaa maji tunayoyaita Maziwa ya Momella. Mlima uliosalia unafanana na chungu kilichomeguka ubavu: nje kuna mteremko mkali lakini wa kawaida, ndani kuna ukuta unaokaribia mita 1,500, unaotajwa miongoni mwa magenge marefu kabisa barani Afrika, na katikati ya kreta kuna koni ya majivu iliyoota baada ya mporomoko huo na kufikia mita 3,667. Mlima ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Anayetaka kufika kileleni hana budi kupita juu ya mdomo wa chungu hicho, kwa kilomita kadhaa, kwenda na kurudi kwa njia ile ile.

Ninasema kwenda na kurudi kwa makusudi, kwa sababu kila uamuzi ninaoufanya katika mlima huu unaanzia kwenye kurudi. Nafundisha jiografia, na kwa zaidi ya miaka ishirini likizo zangu nyingi zimeishia milimani: Uluguru nilikokulia, Usambara, Longido, Hanang, Kilimanjaro mara mbili. Nina umri wa miaka 51 na goti la kushoto linalotabiri mvua. Uzoefu huo haujanifanya niwe na kasi. Umenifanya niwe na hesabu. Zamani niliuliza kama nitaweza kufika. Siku hizi nauliza nitakuwa nimebakiwa na nini nitakapofika.

Siku mbili za mwanzo nitazipita haraka, si kwa sababu hazina uzuri bali kwa sababu hazina ugumu. Tuliandikishwa katika lango la Momella, lililo katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, tukapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki kama utaratibu wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha unavyotaka, kwa kuwa nyanda za chini zina nyati wengi na nyati hana subira na mtu anayetembea kwa miguu. Askari wetu alikuwa kijana mpole, akaniamkia shikamoo kabla hajaniuliza jina, na tangu hapo akaniita mama, nami nikamwita afande. Tulipita njia ndefu ya msituni, chini ya ule mtini maarufu ambao mizizi yake imejenga tao pana kiasi cha kupitisha tembo, tukawaona mbega wakiruka na mikia yao myeupe, tukalala Miriakamba, mita 2,514. Kesho yake tulipanda ngazi nyingi kuliko nilivyozikumbuka, tukapumzika mahali panapoitwa Mgongo wa Tembo, na saa nane mchana tukawa Saddle Hut, mita 3,570, ambako miti imekwisha kuwa vichaka na ndevu za kijivujivu zinaning'inia kwenye matawi.

Alasiri hiyo nilimpeleka kijana wangu Meru Ndogo, kilele cha pembeni chenye mita 3,820, kinachofikiwa kwa muda usiozidi saa moja kutoka kambini. Alidhani nataka aone mandhari. Nilitaka kumwona yeye: anavyopumua, anavyojibu swali akiwa anapanda, anavyoweka mguu wakati wa kushuka. Kupanda alipanda kama mbuzi. Kushuka alishuka kwa kurukaruka, akitua kwa kisigino juu ya kokoto na kutegemea bahati pamoja na ujana. Jioni, tukinywa supu iliyoletwa na mmoja wa wagumu wetu, kama wapagazi wa huku wanavyojiita, nilimwambia kwamba kesho atatembea mbele yangu wakati wa kurudi, nami nitakuwa nyuma nikimtazama miguu. Alicheka. "Mama mdogo, unanifanya kama mwanafunzi wako." Nikamwambia kwamba mwanafunzi wangu akikosea anapata alama ndogo tu.

Kisha tukafanya hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembezi wa milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Saddle Hut hadi kileleni ni kilomita tano au zaidi kidogo na mita 996 za kupanda, kwa hiyo kanuni inatoa saa mbili na dakika arobaini. Kijana alifurahi sana kuisikia. Lakini Naismith alikuwa akitembea katika vilima vya kwao ambavyo haviwafikii hata wageni wa Miriakamba kwa urefu. Kilele cha Meru kina shinikizo la hewa lisilofika asilimia 60 ya lile la pwani, njia ya mwisho ni majivu yanayorudisha nyuma nusu ya kila hatua, na katikati kuna miamba ya kushikilia kwa mikono. Mimi nahesabu saa tano, na nikiona tumetumia sita bila kufika, ninageuka. Muda wa kugeuka tuliupanga kabla ya kulala, nikamwomba afande aushuhudie: saa tatu kamili asubuhi, popote tutakapokuwa.

Watu wengi huondoka Saddle Hut saa saba usiku ili jua liwakute kileleni. Mimi naomba saa tisa. Askari wengine hawapendi, na wana sababu, kwa kuwa mawingu ya Meru hupanda mapema na anayechelewa kuondoka huyakuta akiwa bado juu. Hata hivyo sehemu kubwa ya ukingo nataka niipite ninapoiona. Giza lina sifa moja ambayo waongozaji huisema kwa utani, kwamba mgeni asiyeliona genge haliogopi, nami nimeona kwa macho yangu watu waliopanda usiku kwa ushujaa mkubwa wakakaa chini asubuhi na kukataa kusogea, baada ya kuona walikopita. Afande alikubali saa tisa kwa sharti kwamba hatutakaa kileleni zaidi ya nusu saa. Sharti hilo lilinipendeza kuliko yeye alivyojua.

Tuliondoka na tochi za kichwani, tumevaa sweta mbili na koti juu yake, chupa za maji zikiwa ndani ya begi zimefungwa katika soksi ili zisigande. Mwendo hadi Rhino Point, kiasi cha mita 3,800, ni wa kupanda ndani ya vichaka na baadaye mawe, hauna la kusimulia. Ni baada ya hapo ndipo ukingo wenyewe unapoanza, na unaanza kwa kushuka.

Msomaji asiipite sentensi hiyo kwa haraka. Njia inafika Rhino Point, halafu inateremka kwenye miamba laini iliyolala kwa mshazari, ambako imefungwa minyororo ya kushikilia, kisha ndipo inapoanza kupanda tena kuelekea Cobra Point. Maana yake ni kwamba wakati wa kurudi, baada ya saa nyingi za kutembea, ukiwa na magoti yaliyolegea na kichwa kilichokwisha kufika kambini kabla ya miguu, utakuta miamba ile ile pamoja na mpando wa kurudi Rhino Point. Ramani inauonyesha kama mkunjo mdogo tu. Mwili unaukumbuka kwa namna nyingine.

Nilimwonyesha kijana jinsi ya kupita: fimbo zikunjwe na kufungwa begini, uso uelekee mwamba, viungo vitatu viwe vimeshika wakati kimoja kinahama, na mnyororo utumike kama mkono wa mtu mzima ambao unaushika lakini huuningʼinii. Alipita vizuri sana. Mwanga wa tochi yake ulionyesha mwamba wa rangi ya kutu kwa umbali wa mkono, na zaidi ya hapo hakukuwa na kitu, weusi mtupu, nami nilijua weusi huo una kina gani ila sikumwambia.

Kwenda kileleni, kreta iko mkono wa kushoto. Kwa bahati njema njia haitembei juu kabisa ya mdomo wakati wote. Mara nyingi inapita hatua chache chini yake, upande wa nje, na ni sehemu kadhaa tu ambapo inapanda hadi ukingoni na kukupitisha juu ya upana usiozidi wa meza mbili za darasani zilizounganishwa. Sehemu hizo zina alama za rangi kwenye mawe. Alama hizo ni za kufuatwa hata pale ambapo njia ya mkato inaonekana kuwa ya akili zaidi, kwa sababu majivu yaliyoshikana yanaweza kuwa yametokeza juu ya utupu kama paa la nyumba lisilo na nguzo, na anayesimama juu yake hawezi kujua.

Usiku huo upepo ulikuwa unatoka kushoto, ukipanda kutoka ndani ya kreta. Kijana akasema afadhali, maana unatusukuma mbali na shimo. Hapo nilisimama, nikamwomba afande naye asimame, kwa kuwa hili ni kosa ambalo nililiamini mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Upepo ukikupiga kwa dakika kumi mfululizo, mwili bila kukuuliza unaanza kuuegemea. Unatembea umeinama kidogo upande unakotoka upepo, na upepo ndio unaokushikilia. Ukikata ghafla, kama upepo wa mlimani unavyokata nyuma ya kila mwamba, unaangukia kule kule ulikokuwa ukiegemea. Kwa hiyo upepo unaotoka kwenye shimo ndio wa kuchunga zaidi: tembea magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, hatua fupi, na pale unapokaribia mwamba mkubwa tarajia kwamba mkono uliokuwa umekushika utaondolewa. Afande alitikisa kichwa akasema, "Mama, hayo ungewaambia wageni wetu wote."

Mwanga wa kwanza ulitukuta kabla kidogo ya Cobra Point. Anga la mashariki lilipasuka kwa mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, na Kilimanjaro ikatokea juu ya mawingu, Kibo upande mmoja na Mawenzi yenye meno upande mwingine, kama kisiwa kinachoonwa kutoka kisiwa jirani. Nimeiona picha hiyo mara nne na sijaizoea. Lakini kijana hakuwa anatazama Kilimanjaro. Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya jiwe, akitazama kushoto kwake, ambako weusi wa usiku ulikuwa umegeuka polepole kuwa ukuta, na ukuta ukawa na miguu, na miguuni mwake, mbali chini, ikaonekana koni ya majivu ambayo kutoka Momella huonekana kuwa mlima mkubwa na sasa ilifanana na kichuguu cha mchwa.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kote tulikopita kulikuwa hivi. Nikamwambia ndiyo, na kwamba sehemu nyingine zilikuwa nyembamba zaidi. Nilitazama uso wake kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ninapoamua: hofu ya mtu anayetazama na kufikiri ni mali, hofu ya mtu ambaye macho yake yameganda ni ishara ya kurudi. Alimeza mate, akauliza swali la maana kabisa, kama mwamba ulio mbele yetu unapitwa juu au upande wa nje. Tukaendelea. Tangu hapo hakurukaruka tena.

Kuhusu kipande cha mwisho sina mengi. Kutoka Cobra Point kuna vilele vya uongo, kila kimoja kinajitangaza kuwa ndicho, na nimeacha zamani kuwaambia watu ni vingapi kwa kuwa idadi haimsaidii mtu anayepumua kwa shida. Tulipanda kwa hatua ya pumzi moja, mguu mmoja. Kijana alipata maumivu ya kichwa kidogo, si ya kutapika wala ya kuyumba, akanywa maji, akala kashata, akaendelea. Saa mbili na dakika ishirini tulisimama chini ya kibao kinachopaita mahali hapo Socialist Peak, jina la enzi za siasa ya ujamaa ambalo nadhani lingestahili kuandikwa pia kwa Kiswahili, lugha ambayo siasa hiyo ilihubiriwa. Chini yetu upande wa kusini ulikuwa mji wa Arusha ndani ya ukungu wake wa asubuhi. Kaskazini Longido, na magharibi milima ya Monduli. Picha mbili, chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya afande, na kabla nusu saa haijaisha nilianza kufunga begi, kwa kuwa nilikuwa nimeona chini, kwenye uwazi wa mashariki wa kreta, kitambaa cheupe cha kwanza.

Mawingu ya Meru yana tabia inayoeleweka. Kreta iko wazi upande wa mashariki, jua la asubuhi linapasha moto miteremko yake na tambarare za Momella, hewa yenye unyevu wa msituni inapanda, na kwa kuwa kuta zimeizunguka pande tatu haina pa kwenda isipokuwa juu, ambako inapoa na kuwa wingu. Kwa hiyo wingu halimjii mtu wa ukingoni kutoka angani; linamjia kutoka miguuni. Tulikuwa tumeshuka hadi karibu na Cobra Point lilipotufikia. Kwanza koni ya majivu ilipotea, halafu nusu ya ukuta, halafu ulimi wa ukungu ukavuka ukingo mbele yetu na kumwagikia upande wa nje, na ndani ya dakika tano dunia nzima ilikuwa na upana wa hatua kumi na tano.

Ndipo kijana aliposema jambo lililonifanya nibadilishe mpango wangu wote. Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Sasa angalau ni rahisi, mama mdogo." Akaanza kutembea kwa kasi.

Nilimwita, nikamweka nyuma ya afande, hatua mbili tu, na mimi nikabaki nyuma yake. Kilichokuwa kimeondoka ni kule kuliona shimo, na pamoja nako uangalifu wote uliokuwa umezaliwa alfajiri. Ukungu ulikuwa umemrudishia ule usiku. Tofauti ni kwamba usiku alikuwa na miguu mipya, akipanda. Sasa alikuwa na saa saba za mlima katika mapaja yake, akishuka juu ya kokoto zilizolowa, na kreta ikiwa mkono wa kulia, upande ambao mwili wake haukuwa umeuzoea. Nilimwambia ahesabu alama za rangi kwa sauti, si kwa sababu nilihitaji idadi, bali mtu anayetafuta alama inayofuata hawezi kuota akiwa anatembea. Alihesabu. Kati ya alama na alama tulisimama hadi afande aone inayofuata, na mara mbili alituacha tumesimama akaenda mwenyewe hatua chache, akarudi, akatupeleka upande mwingine. Mwendo wa saa moja ukachukua karibu mbili, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Tulifika kwenye miamba ya minyororo. Kijana alikunja fimbo zake, akazifunga begini, akageuza uso kuelekea mwamba, akapita kama nilivyomfundisha, akanisubiri upande wa pili. Mimi, niliyefundisha, nilitazama mwamba ule nikaona ni mfupi. Nikaona nimeupita mara saba tayari na hii ni ya nane. Nikaona kukunja fimbo, kuvua begi, kulifungua na kulifunga ni dakika tatu ambazo goti langu lingependa kuzitumia kambini. Nikazikusanya fimbo zote mbili katika mkono wa kushoto, kamba za fimbo zikiwa bado kifundoni, nikashika mnyororo kwa mkono wa kulia, nikapita nikiwa nimeupa mwamba ubavu badala ya uso.

Ukungu ulikuwa umeulowesha. Ncha ya fimbo moja ikaingia katika ufa, mimi nikaendelea mbele, kamba ikavuta kifundo cha mkono nyuma, na miguu yote miwili ikaondoka kwa pamoja. Niliteleza kwa nyonga, labda mita moja, labda pungufu, hadi mkono uliokuwa kwenye mnyororo ukanyooka na kunisimamisha. Sikuumia isipokuwa bega na ngozi ya kiwiko. Chini yangu kulikuwa na kitu gani sijui, kwa kuwa kila kitu kilikuwa cheupe. Nilimsikia kijana akisema "Mama!" tu, bila ule udogo, na afande akishuka kwa utulivu bila kukimbia, jambo ambalo nilimshukuru kwalo moyoni hata katika hali ile. Alinishika mkanda wa begi kwa nyuma, akaitoa kamba kifundoni mwangu, akanipa mahali pa kuweka mguu wa kwanza, kisha wa pili.

Nimejaribu kueleza kosa hilo kwa uchovu, na uchovu ulikuwepo, lakini haukuwa sababu. Nilipokuwa nimechoka hivyo hivyo kule Cobra Point miaka ile, niligeuka. Sababu ni ile idadi, mara saba, niliyoitaja kichwani kama hati ya ruhusa. Mwamba haukuwa na kumbukumbu ya mara hizo saba. Mara saba zile ulikuwa mkavu.

Mpando wa kurudi Rhino Point tuliupanda bila maneno. Kijana alinibebea fimbo zangu bila kuniuliza, akawa mbele, na kila hatua chache aliangalia nyuma kwenye miguu yangu kama nilivyokuwa nimemwahidi kuitazama yake. Niliona, nikanyamaza. Saddle Hut tulifika saa saba mchana, karibu saa mbili zaidi ya hesabu yangu, tukakuta mgumu wetu amesimama nje na sufuria ya supu ya ndizi ambayo alikuwa ameipasha moto, kwa kukiri kwake, mara tatu. Tulipumzika saa moja, kisha tukashuka hadi Miriakamba, kwa kuwa kulala chini ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote kwa kichwa kinachouma.

Jioni, kiasi cha saa kumi na mbili, wingu lilifunguka. Kutoka Miriakamba unautazama ukuta kwa chini, na kwa dakika chache jua la kuchwea liliuangazia kwa nyuma mgongo wote juu yake, mweusi, wenye meno, mrefu kuliko nilivyoona inafaa kwa watu waliokuwa juu yake asubuhi hiyo hiyo. Kijana alitoa simu, akakuza picha, akatuonyesha mimi na afande mwanya mmoja kati ya miamba miwili na kusema pale ndipo mama mdogo alipoteleza, atawapelekea nyumbani. Afande aliitazama picha kwa heshima, akairudisha. Alisema pale hapapiti mtu. Mahali penye minyororo hapaonekani kutoka hapa, pako nyuma ya bega lile la kulia.